Programu rahisi ya kuchora mpangilio wa taa za jukwaa: ipi inatosha?

Swali: Habari za kazi. Nasimamia kikundi cha ngoma na maigizo hapa Mtwara mjini. Tunaandaa onesho la sindimba, igizo fupi, na mwisho ngoma ya ngongoti (inayochezwa juu ya miguu ya miti), kwenye ukumbi wa shule wenye jukwaa la mita 8 kwa 6. Tuna taa 12 za LED na taa 4 za halojeni za wati 1000. Fundi wa taa atatoka Lindi asubuhi ya siku ya onesho, kwa hiyo nataka akute mchoro uko tayari. Laptopu yangu ina RAM ya GB 4 na intaneti ni bando la simu. Vijana wananiambia nitafute programu ya 3D. Nichague ipi iliyo rahisi?

Jibu: Salama, ndugu. Chukua LibreOffice Draw, chora kwa skeli ya 1:50 kwenye karatasi ya A4 iliyosimama, na mchoro uambatane na jedwali moja la Calc, programu ya majedwali ya LibreOffice hiyohiyo. Ya 3D iache kwanza. Ugumu wake si sababu kubwa. Sababu kubwa ni msomaji wa mchoro: fundi anafika kutoka Lindi, ukumbi wenyewe haujui, na muda si mrefu anatakiwa awe juu ya ngazi. Picha ya 3D itamwonyesha jukwaa likiwaka vizuri. Haitamwambia klampu ya taa namba 7 ifungwe sentimita ngapi kutoka katikati ya bomba, na hilo ndilo swali atakaloulizia akiwa juu huko.

Programu ya kazi hii ipime kwa mambo matatu. Ishike skeli, yaani mita 8 za jukwaa zitoke sentimita 16 kwenye karatasi bila wewe kupiga hesabu kila mara. Iwe na tabaka, ili kuta, taa, waya na maandishi vikae mbalimbali, uweze kuficha kimoja unapochapa kingine. Na ikuruhusu kuchora alama ya taa mara moja, kisha uinakili mara kumi na sita. Word na PowerPoint huanguka kwenye jambo la kwanza: ukivuta kona ya mchoro, kila kitu kinatanuka na hakuna anayejua tena mita moja ni ngapi. Canva ni hivyohivyo, na juu yake inakula bando.

Vectorworks Spotlight, Capture na WYSIWYG ni programu za kweli za watu wa taa, hakuna ubishi. Zina maktaba kubwa za taa, zinahesabu mwanga, zinatoa majedwali zenyewe. Lakini zinalipiwa, zinataka kompyuta yenye kadi nzuri ya picha, na kwa taa 16 ni sawa na kukodi fuso kubeba gunia moja la korosho. Kama kikundini kuna mwanafunzi wa chuo, Vectorworks hutoa leseni ya bure kwa wanafunzi. Ajifunze nayo kwa wakati wake, si wiki ya onesho. SketchUp ya bure hufanya kazi ndani ya kivinjari, kwa hiyo bando likikata umekaa. QLC+ ni ya bure na ni nzuri sana, ila kazi yake ni kuendesha taa kwa DMX, yaani njia ya kutuma amri kwenye taa kupitia waya. Haikutolei karatasi yenye skeli.

Wanaobaki ni wawili: Draw na LibreCAD. Zote mbili ni za bure, zote zinafanya kazi bila intaneti ukishazipakua, na GB 4 za RAM zinatosha. LibreCAD ni programu ya kuchora kihandisi. Ni sahihi zaidi, inafungua faili za DXF kutoka kwa msanifu majengo, na unachora kila kitu kwa ukubwa wake halisi kisha unachagua skeli wakati wa kuchapa. Kinachowakwamisha wanaoanza ni maandishi: ukiandika kwa urefu wa milimita 3 kama ulivyozoea, yakichapwa kwa 1:50 hayaonekani kabisa. Ili yatoke milimita 3 kwenye karatasi lazima uyaandike kwa urefu wa milimita 150. Pia inataka uzoee kuandika amri, mfano li kwa mstari, kisha 0,0, kisha @8000,0. Kikundi chenu kikianza kufanya maonesho kila miezi miwili kwenye kumbi tofauti, hamieni huko. Kwa onesho hili moja, Draw itakupeleka mbele haraka zaidi, maana ukijua Word umeshajua nusu yake. Kifurushi cha LibreOffice kinazidi MB 300, hivyo kama kuna mwenzako mwenye faili la kusakinishia, lichukue kwenye flashi.

Kabla ya kuwasha kompyuta, nenda ukumbini na futi ya kupimia, ile ndefu. Hapa ndipo michoro mingi huharibika, na hakuna programu itakayokuokoa. Pima upana na kina cha jukwaa, kisha pima mshazari, kona kwa kona, mara mbili. Jukwaa la mita 8 kwa 6 lililonyooka lina mshazari wa mita 10 kamili kila upande. Ukipata 10.15 upande mmoja na 9.85 upande mwingine, jukwaa limekaa upande. Lichore kama lilivyo, usilinyooshe kwa huruma. Weka alama ya chokaa mahali mstari wa kati unapokutana na ukingo wa mbele. Vipimo vyote vya taa vitaanzia kwenye mistari hiyo miwili, mstari wa kati na ukingo wa mbele, wala si ukutani, kwa sababu kuta za kumbi nyingi hazilingani.

Urefu wa bomba la taa upime kutoka sakafu ya jukwaa. Kosa la kawaida ni kupima kutoka sakafu ya ukumbi. Kama jukwaa limeinuka sentimita 90 na umeandika mita 4.5 ukiwa umesimama walipokaa watazamaji, umepoteza karibu mita nzima na pembe zote zitakuwa za uongo. Andika pia soketi ziko wapi, pazia linapita wapi, na kenchi ziko umbali gani. Usifunge bomba la taa kwenye kenchi za mbao kabla fundi ujenzi hajaziangalia. Na kwa kuwa mko karibu na bahari, kagua klampu na nyaya za usalama kwa kutu sasa hivi, mchoro usije ukapanga taa ambayo haina pa kushikia.

Sasa fungua Draw. Weka karatasi A4 iliyosimama: kwa 1:50 inakupa upana wa mita 10.5 na urefu wa mita 14.85, kabla ya kutoa pambizo. Jukwaa la mita 8 linaingia, bomba la mbele linaingia, na chini panabaki nafasi ya maelezo. Nenda Tools, Options, LibreOffice Draw, General. Hapo chagua kipimo kiwe mita na skeli iwe 1:50. Rula itaanza kusoma mita za ukumbini. Ukiwa ndani ya Options, ingia Load/Save, General, punguza muda wa kujihifadhi kutoka dakika 10 hadi 2. Betri ya laptopu ya zamani na umeme ukikatika, dakika kumi za kazi ni nyingi.

Chora mstatili wa jukwaa, halafu fanya jaribio moja kabla ya kuendelea: chapa ukurasa huo na upime kwa rula ya shule. Upana ukitoka sentimita 16 juu ya nukta, endelea. Ukitoka 15.4, kosa liko kwenye printa; tutalifikia.

Tabaka ziongeze kwa Insert, Layer. Nne zinatosha: jengo, taa, umeme, maandishi. Chini ya dirisha utaona majina yake; bofya kulia kwenye tabaka la jengo ulifunge, la sivyo kila ukivuta taa utajikuta umevuta ukuta. Kisha chora alama mbili tu, ya LED na ya halojeni. Chama cha watu wa jukwaa cha Marekani, USITT, kina alama zake zinazopendekezwa, na ukizijua zitumie, ila fundi hatakuuliza kuhusu alama ilimradi pembeni kuna kisanduku kinachosema hii ni nini na ile ni nini. Cha muhimu ni ukubwa wa kweli. Taa ya PAR 64, ile ya jukwaani yenye umbo la kopo, ina balbu yenye kipenyo cha sentimita 20 hivi, kwa hiyo kwenye karatasi ni milimita 4. Acha sentimita 45 kati ya katikati ya taa moja na nyingine, milimita 9 kwenye karatasi. Ukizipanga zikigusana kwenye mchoro, zitagusana pia kwenye bomba na hazitageuka. Alama ikikamilika iburute kwenye Gallery, ghala la picha la Draw. Itakusubiri hapo kwa onesho linalofuata.

Kitu cha tatu cha kuweka Gallery ni pembetatu ya mwale, na hii ndiyo hila inayoifanya Draw ishindane na programu za bei. Soma kwenye taa yako pembe ya mwale. Taa nyingi za LED za umbo la PAR huwa na nyuzi 25 au karibu na hapo. Upana wa mwanga wa nyuzi 25 ni umbali mara 0.44, kwa umbali wa mita 6 ni mita 2.66. Chora pembetatu yenye pande mbili sawa, kimo mita 6, kitako mita 2.66, ipake njano, iwe angavu (Transparency) kwa asilimia 70. Ibofye mara ya pili ili itoe vishikio vya kuzungusha, buruta kile kituo cha mzunguko hadi kwenye ncha, na sasa unaweza kuielekeza popote kama vile umeshika taa yenyewe.

Pembetatu hiyo itumie kwenye mchoro wa ubavu, yaani jukwaa likitazamwa kutoka upande. Naukazia huu kwa sababu wengi huchora wa juu tu, na kwa onesho lako wa juu peke yake utakudanganya.

Tuseme bomba la mbele liko mita 4.5 juu ya sakafu ya jukwaa na mita 1.8 mbele ya ukingo. Mchezaji amesimama mita 1 ndani, kwa hiyo kutoka bomba hadi kwake ni mita 2.8 kwa mlalo. Uso wake uko mita 1.7. Tofauti ya kimo nayo ni mita 2.8, na taa inampiga kwa nyuzi 45, pembe ambayo watu wa taa wameipenda tangu mtaalamu wa taa za jukwaa Stanley McCandless alipokuwa anafundisha Chuo Kikuu cha Yale, Marekani: uso unaonekana, na kivuli cha pua hakifiki mdomoni. Mwanga unasafiri karibu mita 4, upana wake ni mita 1.75. Hapohapo unajua taa nne haziwezi kufunika jukwaa la mita 8. Mita 8 ugawe kwa 1.75 ni 4.6 bila kupishana hata kidogo, basi weka sita.

Sasa mtoe mcheza sindimba, mpandishe mcheza ngongoti palepale, kinyago chake kikiwa mita 3 kutoka sakafu. Zungusha pembetatu, ncha kwenye taa, katikati yake ielekee mita 1.7 kama mwanzo. Ukingo wa juu wa mwale unakata mwili wa mchezaji kwenye mita 2.72. Kinyago kipo juu ya hapo. Yaani kitu ambacho watu wamekuja kukitazama kimebaki gizani, na miguu ya miti inang'aa. Kwenye mchoro wa juu hili halionekani kabisa, kwa sababu kutoka juu duara la mwanga limemfunika mchezaji vizuri kabisa.

Dawa ziko mbili. Ukisogeza bomba mbele hadi mlalo uwe mita 4 na kuinua mwelekeo, nyuzi 25 zitafunika kuanzia sentimita 40 hivi kutoka sakafu hadi kwenye kinyago, ila mwanga unakuwa wa chini na kivuli kirefu kitaangukia pazia la nyuma. Mimi ningechagua ya pili: taa mbili za LED pembeni, moja kila upande, zielekezwe kimo cha mita 2.9 na ziwashwe wakati wa ngongoti tu. Taa za mbele zibaki kwa igizo.

Kwa hesabu hiyo LED namba 1 hadi 6 ziko bomba la mbele, 7 hadi 10 nyuma, 11 na 12 pembeni kwa ngongoti. Halojeni nne usiziweke mbele. Sindimba ni ngoma ya kiuno, na mwanga wa mbele unakibana kiuno kikawa bapa kama picha ya kitambulisho. Weka H1 na H2 kushoto, H3 na H4 kulia, mita 2 hivi juu ya sakafu ya jukwaa, zipige kwa ubavu. Ziachie angalau mita 1 kutoka pazia, maana halojeni ni jiko. Kama una karatasi za rangi zinazostahimili joto, namba 103 au 152 za kampuni ya Lee zitapendeza kwenye ngozi. Andika namba hiyo ndani ya alama. Na kwenye kona ya mchoro andika wazi: KUSHOTO NA KULIA NI KWA MCHEZAJI ANAYEWATAZAMA WATU. Bila sentensi hiyo nusu ya taa zitafungwa upande wa pili.

Tabaka la umeme lisikuchukulie muda mwingi, ila lisikose. Taa moja ya wati 1000 kwa volti 230 inavuta ampea 4.35. Mbili ni 8.7, soketi ya ampea 13 inabeba. Nne ni 17.4, haibebi, plagi itapata moto kupita kiasi na fyuzi yake inaweza kuungua katikati ya ngoma. Ndiyo faida nyingine ya kuzigawa pande mbili, mradi fundi umeme athibitishe kuwa soketi hizo mbili ziko kwenye laini tofauti. Angalizo: dima (kifaa cha kupunguza na kuongeza mwanga) yenye chaneli nne na plagi moja inakurudisha kwenye tatizo lilelile, kwa kuwa mzigo wote unapita kwenye plagi hiyo. LED 12 ukizikadiria wati 150 kila moja ni wati 1800, chini ya ampea 8. Ekstensheni ya kuviringisha ifungue yote, hata kama unahitaji mita tano tu. Ikiwa imeviringishwa na imebeba mzigo, inapata moto hadi ganda linayeyuka. Kwenye mchoro paka taa rangi kulingana na soketi inayozilisha, basi.

Anwani za DMX, yaani namba ya chaneli ambayo kila taa inaanzia, ziweke kwenye Calc. Safu zake ni namba ya taa, aina, bomba, umbali kutoka mstari wa kati, mwelekeo, rangi, anwani, soketi. Kama LED zimewekwa kwenye modi ya chaneli 7, ya kwanza ni 1, ya pili 8, na seli inayofuata ni ya juu yake jumlisha 7, hadi taa ya 12 yenye anwani 78, inayoishia chaneli 84. Halojeni zipe 101 hadi 104, mbali kidogo, ili ukikosea huku usiguse kule. Kitu kinachovuruga hesabu hii ni taa moja kubaki kwenye modi ya chaneli 8: yenyewe inaanza kuwaka rangi za ajabu, na lawama zinaenda kwenye waya. Andika modi juu ya jedwali kwa herufi kubwa. Ukiona LED zote zinacheza-cheza bila amri, hapo ndipo uulize waya: nyaya za maikrofoni zimetumika badala ya za DMX, au kwenye taa ya mwisho ya mnyororo hakuna kizuizi (terminator) cha omu 120.

Kuchapa. Hifadhi kama PDF, usipeleke faili la Draw steshenari, kwa sababu kompyuta ya pale inaweza isiwe na LibreOffice na watakufungulia kwa kitu kingine. Mwambie mhudumu achape asilimia 100, asichague kutosheleza ukurasa. Chaguo hilo ndilo linalogeuza sentimita 16 kuwa 15.4 za pale mwanzo. Kwa usalama chora chini ya mchoro mstari wa sentimita 10 ulioandikwa "mita 5". Karatasi ikidurufiwa ndogo, mstari nao unapungua, na fundi bado anaweza kupima kwa kulinganisha. Ukituma WhatsApp, tuma kama faili, si picha. Picha inabanwa na namba za anwani zinageuka ukungu.

Mtumie fundi PDF zote tatu, mchoro wa juu, wa ubavu na jedwali, siku tatu kabla hajapanda basi. Kisha mpigie umuulize taa namba 11 inafungwa wapi, inaelekea kimo gani, inakula soketi ipi. Akijibu bila kukuuliza wewe, chapa nakala mbili, moja ikae mezani kwa anayeendesha taa na moja iingie kwenye mfuko wa plastiki ifungwe kwenye ngazi. Akisita, rudi kwenye tabaka la maandishi uongeze kile alichokosa.